Kukingwa si kutoguswa: Maneno yanayowagonganisha wachezaji wa karata za Magic

UGOMVI mmoja hauishi kwenye meza za mchezo wa karata uitwao Magic: The Gathering. Mchezaji ameweka mezani kiumbe ambaye karata yake inasema hawezi kulengwa na mpinzani. Mpinzani anatoa karata nyeupe iitwayo Wrath of God, na kiumbe yule anaelekea makaburini pamoja na wenzake wote waliokuwa uwanjani. Mwenye kiumbe anaishika karata yake, anaisoma upya kwa sauti na kuuliza imekuwaje, ilhali maandishi yako bayana.

Maandishi ni bayana kweli, na mwamuzi akiitwa atayasoma vivyo hivyo. Ila mwamuzi hatasoma 'hawezi kulengwa' kana kwamba imeandikwa 'hawezi kudhuriwa'. Baina ya vitenzi hivyo viwili pana mwanya mkubwa, na ndani ya mwanya huo mechi zimepotea, marafiki wa meza moja wamenuniana, na wageni wa mchezo wameondoka wakiamini kwamba wamedhulumiwa.

Mchezo huu ulibuniwa na Richard Garfield, msomi wa hisabati wa Marekani, na kuchapishwa mwaka 1993 na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington. Kampuni hiyo ilinunuliwa na Hasbro, watengenezaji wa vitu vya kuchezea, mwaka 1999. Tangu mchezo uanze, karata tofauti zaidi ya 25,000 zimechapishwa. Aliyezoea karata 52 za barazani, ambazo mzungu wa nne ni yule yule katika mkono wa yeyote, atashangaa kidogo hapa. Katika Magic kila karata huja na sheria yake imeandikwa juu yake, na sheria hiyo yaweza kuipiku sheria ya jumla ya mchezo.

Mpangilio wenyewe si mgumu. Kila mchezaji huanza na pointi 20 za uhai na rundo la karata, kwa kawaida 60. Karata za ardhi humpa nguvu za kulipia karata nyingine. Viumbe hushambulia na kuzuia mashambulizi, na kila mmoja ana namba mbili: ya kwanza ni uwezo wake wa kudhuru, ya pili ni ustahimilivu wake. Kisha kuna uganga, yaani karata zinazotumika mara moja na kutupwa makaburini, ambazo huua viumbe, huwaongezea nguvu au humpiga mchezaji mwenyewe. Rangi ni tano: nyeupe, buluu, nyeusi, nyekundu na kijani.

Mchezaji anaweza kutumia zamu nzima na nguvu zake zote kumleta kiumbe mmoja mkubwa, kisha mpinzani akamwangusha kwa uganga wa bei ya chini. Kwa sababu hiyo, wabunifu walianza mapema kuwapa baadhi ya viumbe namna za kujihami. Namna hizo zimeongezeka mwaka baada ya mwaka, na nyingi hufanana usoni.

Karata hizi zimechapishwa kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijapani, Kichina na lugha nyingine kadhaa, lakini hazijapata kuchapishwa kwa Kiswahili, hivyo hayapo majina rasmi ya kutegemea. Katika makala haya, neno 'shroud' lililo kwenye karata litaitwa sitara. 'Hexproof' litaitwa zindiko. 'Protection' litaitwa kinga. 'Ward' litaitwa lindo. 'Indestructible' litaitwa kutoangamia. Na 'regenerate' litaitwa kuhuika. Kamusi humwelekeza mtafsiri wa 'shroud' kwenye sanda, lakini kumvika sanda kiumbe aliye hai ni kumtakia mkosi. Zindiko ndilo linaloafiki zaidi ya yote, kwa maana neno la Kiingereza lenyewe humaanisha kile kile ambacho mzee wa Pwani angekielewa mara moja: kago la kuzuia uchawi wa mtu mwingine.

Mlengwa ni nani?

Kabla ya kuzitofautisha kinga hizi, sharti kitenzi kimoja kieleweke. Nacho ni 'target', yaani kulenga. Katika sheria za Magic kulenga si kugusa, si kudhuru, wala si kuathiri. Ni tendo mahsusi la mchezaji kuonyesha kidole na kusema: huyu hapa. Uganga hulenga pale tu karata yenyewe inapotumia neno hilo.

Lightning Bolt, karata nyekundu ya tangu 1993, humpiga mlengwa mmoja madhara ya pointi 3. Doom Blade, iliyo nyeusi, humwangamiza kiumbe mlengwa ambaye si mweusi. Swords to Plowshares, iliyo nyeupe, humwondoa kiumbe mlengwa mchezoni kabisa, asipite hata makaburini, na kumwongezea mwenyewe uhai kulingana na uwezo wa kiumbe aliyeondolewa. Zote tatu zinamtaka mchezaji aonyeshe kidole.

Wrath of God haionyeshi kidole popote. Huangamiza viumbe wote. Kama ilivyo mvua ya mawe, haina haja ya kumjua yeyote kwa jina.

Kuna mahali pawili ambapo kulenga kumejificha. Hirizi, yaani zile karata zinazobandikwa juu ya kiumbe na kukaa naye, hulenga zinapotolewa mkononi hata kama neno lenyewe halionekani katika maandishi yake. Zana, kama vile panga na viatu, hulenga pindi mchezaji anapolipa ili kumvika kiumbe fulani. Wachezaji wengi husahau hili la pili, na litarejea baada ya muda mfupi.

Fauka ya hayo, mlengwa si lazima awe kiumbe. Diabolic Edict, karata nyeusi iliyotoka 1997, humlenga mchezaji na kumlazimisha atoe kafara kiumbe mmoja anayemiliki. Kidole kimeelekezwa kwa mchezaji. Kiumbe atakayechinjwa hakulengwa na mtu. Akiwa ni mmoja tu uwanjani, basi ndiye.

Sitara na zindiko

Sitara ni mlango uliofungwa kwa kila mtu. Kiumbe mwenye sitara hawezi kulengwa na uganga wala uwezo wowote, uwe wa adui au wa mwenyewe. Mwenye kiumbe akitaka kumwongezea nguvu kwa Giant Growth, ambayo humpa kiumbe mlengwa nyongeza ya 3 kwa kila namba, hataruhusiwa. Akitaka kumbandika hirizi kutoka mkononi, hataruhusiwa pia.

Mfano maarufu ni Lightning Greaves, viatu vya chuma vilivyotoka mwaka 2003. Kiumbe aliyevikwa viatu hivi hupata wepesi wa kushambulia papo hapo, na hupata sitara. Gharama ya kuvihamisha ni sufuri. Mchezaji mgeni huvivika kwanza, halafu hujaribu kumpa kiumbe yule yule upanga, na hapo hukwama: kumvika upanga ni kumlenga, na viatu vimeshafunga mlango. Aliyezoea huvika kila kitu kingine kwanza, viatu vikiwa vya mwisho. Akiwa na kiumbe wa pili uwanjani anaweza kuvihamishia kwake bila malipo, amvike yule wa kwanza upanga, kisha avirudishe. Akiwa na kiumbe mmoja tu, hana pa kuviweka.

Uwezo huu ulikuwapo kabla ya jina lake. Deadly Insect, mdudu wa mwaka 1996, alikuwa na sentensi nzima ikisema kwamba hawezi kulengwa. Neno moja la kuifupisha sentensi hiyo lilianza kutumika mwaka 2007 katika toleo lililoitwa Future Sight.

Zindiko ni mlango uliofungwa kwa mpinzani pekee. Mwenye kiumbe anaingia na kutoka apendavyo. Uwezo huu nao ulitangulia jina: Troll Ascetic, zimwi la kijani la mwaka 2003, aliukuwa nao kwa sentensi ndefu, na wachezaji wakauita kwa utani sitara ya zimwi. Jina rasmi lilitolewa mwaka 2011 katika toleo la Magic 2012, na kuanzia hapo sitara ikaanza kuachwa katika karata mpya. Sababu iliyotolewa na wabunifu ni ya kawaida mno: wachezaji walikuwa wakisahau kwamba sitara inawafungia hata wao. Waliicheza kana kwamba ni zindiko, wala hakuna aliyeona kosa hadi mtu mwenye kuijua sheria alipoketi nao.

Hata hivyo, zindiko lilileta shida yake. Slippery Bogle, kiumbe mdogo wa mwaka 2008, ana namba 1 na 1 tu, na peke yake hamtishi mtu. Lakini mwenyewe anaweza kumrundikia hirizi moja juu ya nyingine hadi awe jitu, na mpinzani mwenye mkono uliojaa Doom Blade na Lightning Bolt akawa mtazamaji. Invisible Stalker wa mwaka 2011 alizidisha, kwani licha ya zindiko, hakuna kiumbe awezaye kumzuia. Mchezo wa watu wawili ukawa wa mtu mmoja. Lawama zilizofuata zilikuwa za haki.

Basi sitara na zindiko haziwezi nini? Haziwezi kuizuia Wrath of God. Haziwezi kuizuia Diabolic Edict, kwa kuwa aliyelengwa ni mchezaji. Hazipunguzi madhara ya vita. Kiumbe mwenye zindiko akikutana na mkubwa wake, atakufa kama mwingine yeyote. Hazimzuii Clone, karata ya buluu inayoingia uwanjani ikiwa nakala ya kiumbe yeyote, maana Clone huchagua bila kulenga.

Pia hazirudi nyuma kufuta yaliyokwisha kutendeka. Hili ndilo linalowakera wengi. Tuseme mpinzani amembandika kiumbe hirizi nyeupe iitwayo Pacifism, inayomkataza kushambulia na kuzuia. Mwenye kiumbe anamvika viatu ili apate sitara, akitumaini hirizi itabanduka. Haitabanduka. Pacifism ililenga siku ilipotolewa mkononi; sasa imekaa tu, hailengi tena.

Mchezaji mwenyewe anaweza kuwa na zindiko vilevile. Leyline of Sanctity, karata nyeupe ya mwaka 2010, humpa mwenyewe ulinzi huo, na Diabolic Edict haiwezi tena kumwelekea. Mpinzani mwerevu hatafuti njia ya kulivunja zindiko hilo, bali hutafuta karata isiyolenga. Innocent Blood ya mwaka 2001 humtaka kila mchezaji atoe kafara kiumbe mmoja, akiwemo aliyeitoa, na Leyline haina la kusema.

Kinga na kanuni ya 'deni'

Kinga ndiyo kongwe na ndiyo inayochanganya kuliko zote, kwa kuwa si ulinzi mmoja bali ni minne ndani ya neno moja. Tena daima ni kinga dhidi ya kitu fulani: dhidi ya rangi, dhidi ya aina ya viumbe, au dhidi ya jambo jingine lililotajwa kwenye karata. White Knight wa mwaka 1993 ana kinga dhidi ya weusi. Hasimu wake Black Knight ana kinga dhidi ya weupe.

Wachezaji wa Kiingereza hukumbuka ulinzi huo kwa kuunganisha herufi nne za kwanza, ambazo kwa bahati huunda neno lenye maana ya deni. Herufi ya kwanza ni ya madhara: madhara yatokayo kwa kitu chenye sifa hiyo hufutwa. Ya pili ni ya kubandikwa: hirizi au zana yenye sifa hiyo haiwezi kumkaa. Ya tatu ni ya kuzuiwa: viumbe wenye sifa hiyo hawawezi kumzuia anaposhambulia. Ya nne ni ya kulengwa. Nje ya hayo manne, neno 'kinga' halina kitu.

Sasa na turudi kwa Black Knight. Swords to Plowshares ni nyeupe na hulenga, haimpati. Pacifism ni nyeupe na hubandikwa; haimkai. Mashujaa weupe wakimpiga, madhara yao hufutwa. Mwenyewe atadhani amemaliza hesabu na weupe. Kisha inatoka Wrath of God, ambayo ni nyeupe kama maziwa, na Black Knight anakufa. Haikumpiga madhara, haikubandikwa, haikuzuia na haikulenga. Imeangamiza tu, na kuangamiza hakumo katika yale manne.

Mfano ulio kinyume unasaidia. Silver Knight wa mwaka 2003 ana kinga dhidi ya wekundu na ustahimilivu wa 2. Pyroclasm, karata nyekundu, hupiga madhara ya 2 kwa kila kiumbe bila kumlenga yeyote. Angekuwa na zindiko badala ya kinga, angekufa. Kwa kinga anaishi, kwa sababu madhara yametoka kwa kitu chekundu nayo yamefutwa. Karata mbili, zote zafagia uwanja mzima, zote hazilengi. Moja humpata mwenye kinga na nyingine haimpati, kwa tofauti ya kitenzi.

Kinga haibagui rafiki na adui. Mwenye White Knight hawezi kumbandika hirizi yake mwenyewe ya Unholy Strength, kwa kuwa ni nyeusi. Kinyume na sitara, kinga inayokuja baadaye husafisha: kiumbe aliyefungwa na Pacifism akipewa kinga dhidi ya weupe, hirizi hiyo hudondoka mara moja na kwenda makaburini. Ni jambo zuri la kukumbuka katika zamu ya mwisho.

Wabunifu wenyewe walichoshwa na kuieleza. Mwaka 2015 waliiondoa kinga katika orodha ya uwezo wa kawaida wa kila toleo, na mwaka 2019 wakairejesha.

Lindo: Mlango wenye ushuru

Baada ya malalamiko juu ya zindiko, njia ya kati ilipatikana mwaka 2021 katika toleo la Strixhaven. Lindo halikatazi kulenga. Linamruhusu mpinzani amlenge kiumbe, kisha linamdai ushuru. Asipolipa, uganga wake hutanguliwa. Ushuru hutajwa kwenye karata: unaweza kuwa nguvu za ardhi, uhai, au karata ya mkononi. Mchawi aitwaye Sedgemoor Witch wa mwaka huo huo humdai mpinzani pointi 3 za uhai.

Kwa kuwa kulenga kunaruhusiwa na adhabu huja baadaye, lindo na zindiko huachana katika pembe mbili ambazo hata wazoefu hujikwaa.

Ya kwanza inahusu uganga usioweza kutanguliwa. Abrupt Decay ya mwaka 2012 huangamiza kitu mlengwa chenye gharama isiyozidi 3, na imeandikwa kwamba haiwezi kutanguliwa. Ikimlenga Sedgemoor Witch, lindo litadai uhai wake, mpinzani atakataa kulipa, lindo litajaribu kuutangua uganga na kushindwa. Mchawi anakufa. Ikielekezwa kwa Slippery Bogle, hali ni tofauti kabisa: zindiko halitangui, linakataza kidole kisinyooke tangu mwanzo. Kutotanguliwa hakumsaidii mtu ambaye hakuruhusiwa kuanza.

Ya pili ni ya wakati. Katika Magic, uganga unapotolewa hausimami kutekelezwa papo hapo. Mpinzani hupewa nafasi ya kujibu, na la mwisho kutolewa ndilo la kwanza kutekelezwa. Mlengwa hukaguliwa mara mbili, uganga unapotolewa na unapotekelezwa. Mpinzani akitoa Doom Blade, mwenye kiumbe anaweza kujibu kwa Ranger's Guile, karata ya kijani inayompa kiumbe wake zindiko hadi mwisho wa zamu. Doom Blade inapofika kutekelezwa inakuta mlengwa wake hafai tena, na inakwenda makaburini bila kufanya lolote. Lindo likipewa kiumbe kwa njia hiyo hiyo halifui dafu. Huamshwa wakati ule kiumbe anapolengwa, na wakati huo umeshapita. Mlinzi ameajiriwa mwizi akiwa tayari ndani.

Kutoangamia si kutoondoka

Namna mbili zilizobaki hazijali kulenga hata kidogo. Hujali kuangamizwa.

Kiumbe asiyeangamia, mathalani Darksteel Colossus wa mwaka 2004 mwenye namba 11 na 11, anaweza kulengwa na mtu yeyote. Doom Blade ikimlenga, inatekelezwa na kushindwa. Madhara yakizidi ustahimilivu wake, yanabaki juu yake hadi mwisho wa zamu naye hafi. Wrath of God ikipita, anabaki amesimama peke yake uwanjani. Hata hivyo, Swords to Plowshares haiangamizi, huhamisha. Colossus anaondoka na mwenyewe anapewa pointi 11 za uhai za kumliwaza. Diabolic Edict haiangamizi, huchukua kafara. Tragic Slip ya mwaka 2012 humpunguzia kiumbe mlengwa namba zake kwa 1, lakini ikiwa kiumbe mwingine amekufa zamu hiyo, hupunguza kwa 13. Kumi na moja ukitoa kumi na tatu ni chini ya sufuri, na kiumbe mwenye ustahimilivu wa sufuri huondolewa na sheria za mchezo zenyewe. Hilo haliitwi kuangamizwa.

Kuhuika kuna sura ya kufufuka lakini si kufufuka. Drudge Skeletons, mifupa ya mwaka 1993, huhuika kwa malipo ya nguvu moja nyeusi. Malipo hayo hutolewa kabla ya maafa, nayo huweka ngao ya zamu hiyo. Lightning Bolt ikiipiga, badala ya kuangamizwa mifupa hulazwa, madhara yake hufutwa, na kama ilikuwa vitani huondolewa vitani. Haikufa, haikugusa makaburi. Mchezaji anayengoja ife ndipo alipe amechelewa. Nayo Wrath of God imesema waziwazi kwamba inaowaangamiza hawawezi kuhuika. Kuanzia 2016 uwezo huu uliachwa katika matoleo mapya, na walioukosea katika mashindano hawakuulilia sana.

Anayetaka kujipima amtazame Thrun, the Last Troll, zimwi lililotoka mwanzoni mwa 2011. Haliwezi kutanguliwa linapotolewa. Wapinzani hawawezi kulilenga. Mwenyewe anaweza kulipa ili lihuike. Ngome tatu katika karata moja, na kwa mchezaji aliyejaza rundo lake Doom Blade ni jinamizi. Lakini Wrath of God hailengi na haikubali kuhuika, Thrun anakufa. Diabolic Edict humlenga mwenyewe, na kafara haizuiwi na ngao ya kuhuika. Thrun akiwa peke yake, anakufa. Hakuna ngome iliyovunjwa katika visa hivyo viwili. Washambulizi wamepita mahali ambapo ngome haikujengwa.

Kwa hivyo mwamuzi anapoitwa mezani huanza na karata inayoshambulia, si ile inayojihami. Huitazama kama ina neno la kulenga, na kama linaelekezwa kwa kiumbe au kwa mchezaji. Hutazama kama inapiga madhara, inaangamiza, inahamisha, inapunguza namba au inadai kafara. Baada ya hapo tu ndipo hugeukia karata ya kujihami.

Na hapo kuna tahadhari moja kwa wenye karata za zamani. Maandishi yaliyochapishwa si lazima yawe sheria inayotumika sasa. Wizards of the Coast huweka matini rasmi ya kila karata katika hazina yake ya intaneti iitwayo Gatherer, na matini hiyo ndiyo inayofuatwa hata ikitofautiana na karadasi iliyo mkononi. Troll Ascetic wa 2003 hana neno la zindiko kwenye karata yake, lakini katika hazina analo. Deadly Insect wa 1996 ana sitara. Baadhi ya machapisho ya Wrath of God ya miaka ya 1990 hayasemi 'angamiza' bali husema 'zika', neno lililokuwa likimaanisha kuangamiza bila nafasi ya kuhuika na ambalo limekwisha kufutwa katika sheria. Mpinzani mwenye chapisho hilo anaweza kudai kwamba kuzika si kuangamiza, na kwamba Darksteel Colossus anapaswa kuondoka. Matini rasmi inasema 'angamiza', na Colossus anabaki uwanjani.